Jinsi watoto wa shule nchini India wanavyoiadhimisha Siku ya Uhuru

IFIKAPO Agosti 15 kila mwaka, afisi za serikali na benki kote nchini India hufungwa kwa heshima ya Siku ya Uhuru. Shule nazo huwa hazifundishi. Hata hivyo, mamilioni ya watoto huamka mapema kuliko siku za kawaida, wakavalishwa sare zilizopigwa pasi usiku uliotangulia, kisha wakashika njia ya shuleni bila mkoba wa vitabu. Hawaendi kusoma siku hiyo. Wanaenda kuikumbuka siku ambayo taifa lao lilijikomboa kutoka kwa mkoloni Mwingereza mnamo 1947.

Kwa msomaji wa Kenya, huenda utaratibu huu ukaonekana mgeni kidogo. Sherehe za Jamhuri Dei huangukia Desemba 12, wakati ambapo shule zimefungwa kwa likizo ndefu. Hata Madaraka Dei, inayoangukia Juni 1 muhula ukiwa umepamba moto, mwanafunzi ambaye hakuchaguliwa kwenda kuimba au kucheza ngoma uwanjani hubaki nyumbani akitazama gwaride la wanajeshi kwenye runinga. Nchini India, waziri mkuu hupandisha bendera na kulihutubia taifa akiwa juu ya kuta za Ngome Nyekundu jijini Delhi, lakini sherehe inayomfikia mwananchi wa kawaida ni ile ya shule iliyo karibu na kwake. Takwimu za serikali za mwaka wa masomo wa 2023-24 zilionyesha kwamba nchi hiyo ina takriban shule milioni 1.47 zenye wanafunzi wapatao milioni 248. Hakuna uwanja wowote duniani unaoweza kuukusanya umati wa aina hiyo kwa asubuhi moja.

Katika vijiji vingi, sherehe huanza hata kabla ya watu kufika uwanjani. Wanafunzi hupanga foleni na kuzunguka mitaa ya kijiji alfajiri, wakiimba nyimbo za kizalendo huku wakipeperusha bendera ndogo za karatasi. Msafara huo huitwa prabhat pheri, yaani matembezi ya alfajiri, na asili yake ni enzi za kupigania uhuru, wakati wafuasi wa Mahatma Gandhi walipokuwa wakipita mitaani wakiimba ili kuwaamsha wenzao, kwa maana zote mbili za neno hilo. Watoto wa leo wamerithi desturi hiyo bila hofu ya rungu la polisi.

Adui wao mkubwa ni mvua. Agosti ni kilele cha masika ya India, na mwalimu mkuu asiyekuwa na mpango wa pili hujuta. Viwanja hugeuka matope, viatu vyeupe vilivyopakwa chokaa huharibika, na mara nyingi ngoma zilizofanyiwa mazoezi kwa majuma matatu huishia kuchezwa katika ukumbi finyu au kwenye varanda ya madarasa.

Kiini cha sherehe ni bendera. Nayo ina kanuni zake ambazo mtoto wa India hufundishwa akiwa bado mdogo. Bendera hiyo iliidhinishwa na Bunge la Katiba mnamo Julai 22, 1947, majuma matatu tu kabla ya uhuru. Ina mistari mitatu ya ulalo: rangi ya zafarani juu, nyeupe katikati na kijani kibichi chini. Katikati ya mstari mweupe kuna gurudumu la samawati iliyokoza lenye spoki 24, lililotolewa kwenye nguzo za Mfalme Ashoka aliyetawala zaidi ya karne mbili kabla ya kuzaliwa kwa Kristo. Ni kosa kuipandisha ikiwa imepinduliwa, na ni kosa kuiacha iguse ardhi au maji. Ikichakaa haitupwi jaani. Kanuni zinaelekeza iharibiwe ikiwa nzima, faraghani, ikiwezekana kwa kuichoma moto.

Kuna jambo moja ambalo walimu hulirudia kila mwaka na ambalo huwatatiza hata watu wazima. India ina siku mbili kuu za bendera: Agosti 15, ambayo ni ya uhuru, na Januari 26, ambayo ni ya jamhuri, kwa kuwa katiba ya nchi ilianza kutumika tarehe hiyo mwaka wa 1950. Siku ya Jamhuri, bendera hufungwa ikiwa imekunjwa kileleni mwa mlingoti, na anayealikwa kuvuta kamba huifungua tu. Siku ya Uhuru, bendera hufungwa chini na kuvutwa taratibu hadi juu. Maelezo wanayopewa watoto ni kwamba mwaka wa 1947 bendera mpya ilipanda wakati ya Mwingereza ikishuka, ilhali kufikia 1950 nchi ilikuwa tayari huru na bendera yake ilikuwa juu. Aidha, Delhi hutofautisha wahusika: Agosti huwa zamu ya waziri mkuu, Januari zamu ya rais. Shuleni, kamba huvutwa na mwalimu mkuu, mzee wa kijiji au mgeni mwingine wa heshima.

Shule nyingi hukunja petali za maua ndani ya bendera kabla ya kuifunga. Kamba ikivutwa na fundo kufunguka, petali za waridi na za maua ya manjano huwamwagikia waliosimama chini. Sekunde hiyo moja huwa na mashaka yake. Fundo likikazwa kupita kiasi bendera hukwama, na likilegezwa mno hufunguka kabla ya wakati. Ndiyo maana kazi ya kufunga bendera huachiwa mwalimu wa michezo au mtumishi mkongwe wa shule, mtu ambaye jina lake halimo kwenye ratiba, ingawa heshima ya shule nzima iko mikononi mwake asubuhi hiyo.

Kwa miaka mingi, bendera rasmi ilitakiwa kutengenezwa kwa khadi pekee, yaani kitambaa kilichosokotwa na kufumwa kwa mkono, ambacho Gandhi alikifanya silaha ya kususia nguo za viwanda vya Uingereza. Mnamo Desemba 2021 serikali ilibadilisha kanuni na kuruhusu bendera za poliesta na zilizoshonwa kwa mashine. Mwaka uliofuata, India ilipotimiza miaka 75 ya uhuru, serikali iliwahimiza wananchi waipeperushe bendera katika kila nyumba, na wanafunzi wakawa wasambazaji wakuu wa ujumbe huo. Wafumaji wa khadi walinung'unika, na si bila sababu.

Baada ya bendera kupanda, watu wote husimama wima na wimbo wa taifa huimbwa. Wimbo huo, Jana Gana Mana, ulitungwa na Rabindranath Tagore kwa Kibengali chenye Kisanskriti kingi, ukaimbwa hadharani kwa mara ya kwanza jijini Calcutta mnamo Desemba 27, 1911. Huchukua takriban sekunde 52. Watoto wengi huukariri kabla hawajauelewa, kwani Kibengali si lugha ya nyumbani kwao.

Ni katika sekunde hizo 52 ambapo mojawapo ya kesi muhimu zaidi za haki za wanafunzi nchini India ilizaliwa. Mnamo Julai 1985, katika shule moja ya jimbo la Kerala, ndugu watatu wa familia ya Mashahidi wa Yehova walikuwa wakisimama kwa adabu wimbo wa taifa ulipoimbwa, lakini hawakufungua vinywa. Walifanya hivyo kwa miaka mingi na hakuna aliyewauliza. Siku moja mbunge wa jimbo aliyekuwepo aliwaona, akaona ni utovu wa uzalendo, akalifikisha suala hilo katika bunge la jimbo. Tume iliundwa. Iliripoti kuwa watoto hao walikuwa watiifu wa sheria na hawakuonyesha dharau yoyote. Hata hivyo, afisa wa elimu aliagiza wafukuzwe, na wakafukuzwa.

Baba yao alikwenda Mahakama Kuu ya Kerala akashindwa. Alikata rufaa katika Mahakama ya Juu ya India, nayo ikatoa uamuzi wake Agosti 11, 1986, siku nne kabla ya Siku ya Uhuru. Majaji walisema hakuna sheria inayomlazimu mtu kuimba. Kusimama kwa heshima kunatosha, na kumfukuza mtoto shuleni kwa sababu ya imani aliyo nayo kwa dhati ni kukiuka uhuru wake wa kujieleza na wa kuabudu. Waliamuru watoto hao warejeshwe. Kesi hiyo hadi leo hufundishwa katika vyuo vya sheria, na inafaa pia ifundishwe kwa walimu wanaosimamia gwaride.

Nyimbo nyingine zinazosikika siku hiyo zina historia zake, na baadhi ni za kushangaza. Saare Jahan Se Achha, wimbo wa kuisifu India ambao hakuna shule isiyoufahamu, uliandikwa mnamo 1904 na Muhammad Iqbal, mshairi yuleyule ambaye baadaye alitoa wazo la dola ya Waislamu na ambaye Pakistan humwenzi kama mshairi wake wa taifa. Vande Mataram, wa Bankim Chandra Chatterjee, ulihimiza wapigania uhuru kwa miongo kadhaa, ila beti zake za mwisho zinamtaja mungu wa kike Durga. Kwa sababu hiyo chama cha Congress kiliamua mnamo 1937 kwamba beti mbili za kwanza pekee ndizo ziimbwe katika mikutano yake. Mjadala huo haukufa.

Baada ya nyimbo huja kiapo cha uzalendo ambacho wanafunzi hukitamka mkono wa kulia ukiwa umenyoshwa mbele. Kimechapishwa katika vitabu vya kiada vya nchi nzima, lakini ni wachache wanaomjua aliyekiandika. Alikuwa Pydimarri Venkata Subba Rao, afisa wa hazina ya serikali wilayani Visakhapatnam, aliyekitunga kwa lugha ya Kitelugu mwaka wa 1962, mwaka ambao India ilipigana na China. Wanafunzi wa Kenya waliokua wakikariri kiapo cha utiifu kwa rais na taifa hawatapata taabu kuelewa namna maneno ya aina hiyo yanavyoganda akilini mwa mtu hata uzeeni.

Hotuba za wageni waheshimiwa kwa kawaida huwa ndefu kupita subira ya watoto. Kinachowafurahisha wao, na wazazi waliojipanga pembeni na simu zao, ni maigizo. Mtoto mwembamba aliyenyolewa huvaa shuka nyeupe, miwani ya duara na kushika fimbo: huyo ni Gandhi. Mwenye kofia ya duru na masharubu ya kuchorwa ni Bhagat Singh, kijana aliyenyongwa na Waingereza mjini Lahore mnamo Machi 1931 akiwa na umri wa miaka 23. Msichana mwenye upanga wa kadibodi na mwanasesere aliyefungwa mgongoni ni Malkia Lakshmibai wa Jhansi, aliyefariki vitani mnamo 1858 akipambana na jeshi la Waingereza. Waridi kifuani humtambulisha Jawaharlal Nehru, waziri mkuu wa kwanza. Huyu wa mwisho ana uhusiano na Kenya pia, kwani Jomo Kenyatta na wenzake waliposhtakiwa Kapenguria mnamo 1952, mwanasheria na mwanasiasa wa India, Diwan Chaman Lall, alikuja kujiunga na jopo la kuwatetea kwa baraka za serikali ya Nehru.

Kisha huja vitamutamu. Mahali pengine ni ladu za rangi ya machungwa, kwingine ni jelebi zilizokaangwa asubuhi hiyo, na katika shule zisizo na uwezo ni peremende moja moja. Mwulize Mhindi yeyote aliyepita umri wa miaka 50 anakumbuka nini kuhusu Agosti 15 ya utotoni mwake, na yaelekea atataja ladu kabla ya hotuba. Kufikia saa tano za asubuhi uwanja huwa mtupu.

Lakini furaha hiyo imefunika jeraha. Uingereza ilikuwa imetangaza Februari 1947 kwamba ingeondoka kufikia Juni 1948. Mwakilishi wa mwisho wa Mfalme wa Uingereza, Lord Mountbatten, aliharakisha mambo na kuchagua Agosti 15, tarehe iliyokuwa kumbukumbu ya pili ya kusalimu amri kwa Japani mwaka wa 1945. Nchi iligawanywa mara mbili, India na Pakistan, na mpaka uliochorwa na mwanasheria Mwingereza Cyril Radcliffe haukutangazwa hadi Agosti 17, siku mbili baada ya sherehe. Watu walipandisha bendera bila kujua wamo nchi gani. Wilayani Murshidabad ilipandishwa ya Pakistan; Khulna, ambayo leo imo Bangladesh, ilipandishwa ya India. Mpaka ulipotangazwa, zote mbili zikateremshwa. Hadi leo, kuna sehemu za wilaya za Nadia na Malda, jimboni West Bengal, ambako wenyeji husherehekea Agosti 18, siku ambayo wao hasa walijua ni Wahindi. Gandhi mwenyewe hakuwa Delhi wakati wa shangwe. Alikuwa Calcutta, akifunga na kuomba, akijaribu kuzima mapigano kati ya Wahindu na Waislamu. Watu zaidi ya milioni 12 walihama makwao, na makadirio ya waliouawa ni kati ya laki mbili na milioni mbili.

Kwa hivyo swali la nani ni mwana halali wa taifa halijawahi kuwa mbali na mlingoti wa shule. Mnamo Agosti 2017, bodi ya madrasa ya jimbo la Uttar Pradesh iliziagiza madrasa zilizo chini yake ziadhimishe Siku ya Uhuru na kurekodi sherehe hizo kwa video. Walimu wengi walilalamika kwamba walikuwa wakipandisha bendera miaka yote, na wakauliza kwa nini wao pekee ndio watakiwe kutoa ushahidi.

Siku hiyohiyo ya Agosti 15, 2017, upande wa pili wa nchi, picha ilipigwa katika shule moja ya msingi wilayani Dhubri, jimboni Assam. Mto Brahmaputra ulikuwa umevunja kingo. Uwanja wa shule ulikuwa umegeuka ziwa, na wavulana wawili walisimama mbele ya mlingoti, maji yakiwafika kifuani, wakipiga saluti bendera ikipepea juu yao. Walimu walikuwa nao ndani ya maji. Picha ilienea kote nchini kupitia mitandao ya kijamii, na watu walitokwa na machozi ya fahari.

Assam wakati huo ilikuwa ikiandaa sajili ya raia, zoezi lililomtaka kila mkazi athibitishe kwa nyaraka kuwa yeye au wazazi wake waliishi nchini kabla ya Machi 25, 1971. Rasimu ilipotolewa Julai 30, 2018, watu wapatao milioni nne walikosa majina yao. Mmoja wao alikuwa mvulana wa picha ile, ilhali jamaa zake wa karibu walikuwemo. Mtoto aliyesifiwa na taifa kwa uzalendo alikuwa ametakiwa, kabla hata mwaka haujatimia tangu apige saluti, kuthibitisha kuwa ni wa taifa hilo. Orodha ya mwisho ya Agosti 31, 2019 iliacha nje watu takriban milioni 1.9, ambao walielekezwa kujitetea mbele ya mabaraza maalumu ya kuamua nani ni mgeni.

Wapo pia watoto ambao Agosti 15 haiwafikishi uwanjani kabisa. Itakumbukwa kuwa sensa ya 1951, ya kwanza baada ya uhuru, ilionyesha ni asilimia 18 tu ya Wahindi waliojua kusoma na kuandika. Kufikia sensa ya 2011 walikuwa asilimia 74. Sheria iliyoanza kutumika Aprili 1, 2010 ilifanya elimu kuwa haki ya bure na ya lazima kwa kila mtoto mwenye umri kati ya miaka sita na 14. Hayo si mafanikio madogo kwa nchi yenye watu wengi kiasi hicho.

Hata hivyo, katika wiki ya kuelekea Agosti 15, dereva anayesimama kwenye taa za barabarani jijini Delhi au Mumbai huzingirwa na watoto wanaouza bendera ndogo. Baadhi ni za plastiki, licha ya serikali kutoa wito kila mwaka kwamba zisitumike kwa kuwa haziozi na huishia kukanyagwa njiani. Watoto hao hukimbia kati ya magari wakiwa na mafungu ya zafarani, nyeupe na kijani, wakizipitisha madirishani kwa rupia chache. Wanunuzi ni wazazi wanaowapeleka watoto wao mazoezi ya gwaride. Biashara hiyo hudumu siku chache tu. Kufikia Agosti 16 bendera huwa hazina mnunuzi, na wauzaji hao wadogo hurejea kwenye kalamu, maua ya waridi na vitambaa vya kufutia vioo vya magari.